Nikiulizwa nilikuwa wapi miaka minne, machozi yananitangulia

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkaazi wa Likoni. Wiki ijayo nimeitwa mahojiano ya kazi katika kampuni moja ya kliaringi na fowadingi, ya kuwatolea watu mizigo bandarini, mjini Mombasa, na kuna jambo nimelala nalo na kuamka nalo bila kuliamua.

Nilipomaliza diploma niliajiriwa karani wa nyaraka katika yadi moja ya makontena upande wa Changamwe. Kazi niliipenda. Nilikuwa nikikagua hati za shehena, nikiandaa entri za forodha, nikipigiana simu na mawakala na madereva waliolala kwenye malori yao getini. Kisha makontena yakaanza kupandishwa treni ya SGR bandarini moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi. Yadi ikabaki uwanja mtupu. Mwishoni mwa 2019 tulipunguzwa wengi, nami nikiwemo.

Mapema mwaka uliofuata mamangu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Mimi ndiye niliyekuwa sina kazi wala mume, kwa hivyo hakuna aliyeitisha kikao kuamua nani abaki naye. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza usiku asipate vidonda. Siku za mazoezi ya viungo nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu kuingia feri, tukavuka, tukatafuta tuktuk ya kutufikisha hospitali pale Makadara. Alifariki 2024, Mungu amrehemu.

Arobaini ilipopita nikaanza kutuma maombi. Nimeitwa sehemu kadhaa. Huanza vizuri, nikieleza kazi ya yadi naeleza mpaka wenyewe hutikisa kichwa. Kisha mmoja wao huweka kidole katikati ya CV na kuuliza, hapa 2020 hadi 2024 ulikuwa wapi? Hapo Kiingereza chote huniruka. Mara ya mwisho nilitamka neno moja tu, koo likanikaba, machozi yakanitoka mbele ya watu watatu. Mmoja akanisogezea tishu. Sikuitwa tena. Mahali pengine niliulizwa kama ninatarajia kuolewa karibuni, nikabaki kuinamisha uso.

Sasa kuna kaka yangu, mtoto wa mamangu mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi na huagiza mali kutoka ng'ambo. Bili nyingi za hospitali alilipa yeye. Ameniambia ataniandikia barua yenye mhuri wa duka kwamba miaka hiyo minne nilikuwa nimeajiriwa kwake kusimamia mizigo, na akipigiwa simu ataitikia. Anasema kila mtu hufanya hivyo, na kwamba hawezi kuona mtoto wa Mama Mdogo amekaa nyumbani na ujuzi wake. Ukweli ni kwamba hajawahi kuniajiri. Alikuwa akinitumia picha za hati za makontena yake kwa WhatsApp nimwangalilie kama ziko sawa, lakini huo ulikuwa msaada wa ndugu.

CV niliyotuma nimeiacha na pengo lake, kwa sababu wakati ule kaka hakuwa amenipa wazo hili. Wameniambia nije na barua na vyeti vyangu. Rafiki yangu naye ananitia hofu kwamba nisiende bila cheti cha kodi cha KRA, cha mkopo wa masomo cha HELB, cha madeni cha CRB na cha tabia njema cha polisi, na pesa za yote hayo sina.

Mamangu alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Lakini kodi ya nyumba haingoji. Nikikataa barua nitamvunja moyo mtu aliyenisitiri. Nikiichukua, sijui nitaitetea kwa uso gani. Nishike lipi?

Msomaji, Likoni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa mama. Najua pole za msiba hukoma watu wakishaondoka matangani, ndiyo maana naanza nayo.

Umeniuliza kuhusu barua: uichukue au uikatae. Umeniambia pia kwamba Kiingereza chako kimekufa, kwamba pengo la miaka minne ndilo linalokunyima kazi, na kwamba una deni kwa kaka. Nimeyasoma yote, na kuna mahali ningependa turudi nyuma pamoja kabla ya kufika kwenye barua.

Tazama ulivyosimulia mwenyewe. Unaanza vizuri. Unaeleza kazi ya yadi mpaka wasaili wanatikisa kichwa, na nina hakika uliieleza kwa Kiingereza hicho hicho unachosema kimekuruka. Lugha haitoroki kwa swali moja ikarudi kwa jingine. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu usiyemjua, kwa swali la kawaida kabisa la kazi yake, anakutaka umtaje mamako, na wewe hujapata mahali pa kumtaja. Barua yako imetoka arobaini ikaruka moja kwa moja hadi maombi ya kazi. Tangu siku hiyo, umekaa na nani ukamzungumza mama, ukalia mpaka ukatosheka? Usinijibu kama hutaki. Lakini miaka minne ya kumgeuza mtu usiku ili asipate vidonda haiishi siku ya kuzika.

Nalisema hili kwa sababu linanifanya niione barua ya kaka kwa jicho jingine. Huenda kinachokuvuta kwenye barua ile si kazi peke yake. Ukisema ulikuwa dukani, hutalazimika kusema ulikuwa na mama. Nikiwa nimekosea kukusoma, utanisahihisha. Nikiwa sijakosea, basi kinachotafutwa ni namna ya kulijibu swali lile bila koo kukaba, na barua ni njia mojawapo tu kati ya kadhaa.

Kuna jambo jingine umelichukua kama limethibitika: kwamba hukuitwa tena kwa sababu ulilia. Huenda. Lakini pia huenda walikuwa na mtu aliyetoka kazi kama hiyo mwezi uliopita, au waliwahoji watu wengi kwa nafasi moja. Mmoja wao alikusogezea tishu. Sidhani mtu huyo alitoka chumbani akikudharau. Na hii kampuni ya wiki ijayo je? Umesema CV uliituma na pengo lake. Wameliona. Wamekuita nalo. Hilo naomba ulishike vizuri, maana unaenda mahali ambapo mlango wa kwanza umeshafunguliwa na ukweli wako.

Tuizungumze barua sasa. Sitakwambia kwamba hakuna aliyepata kazi kwa barua ya namna hiyo; kaka hakukudanganya aliposema watu hufanya. Huenda ikakupa utulivu wa siku moja. Lakini hebu ijaribu kichwani kama msaili. CV mkononi haina kazi yoyote kati ya 2020 na 2024, halafu mwombaji anatoa barua yenye mhuri ya miaka hiyo hiyo. Swali la kwanza litakuwa: mbona hukuiandika? La pili litakuwa la kazi yenyewe: mzigo ulitoka bandari gani, wakala wa forodha alikuwa nani, mlishughulikia makontena mangapi kwa mwaka, mshahara ulilipwa vipi, michango ya NSSF iko wapi, fomu ya kodi ya mshahara, P9, iko wapi? Na kliaringi ya Mombasa ni dunia ndogo, wewe mwenyewe wajua. Wakala aliyemtolea kaka mizigo yake anaweza kuwa alikunywa chai jana na mtu atakayekuhoji.

Nafasi yenyewe pia unajua ilivyo. Wakala wa forodha hufanya kazi kwa leseni, na tamko analolitoa linamfunga chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Anayeajiri karani wa nyaraka anatafuta, kabla ya Kiingereza na kabla ya kompyuta, mtu ambaye karatasi yake inaaminika. Barua ile ikija kujulikana baada ya mwaka au miwili, italeta mashaka juu ya kila entri uliyoandaa, na jina la kaka litakuwa humo na mhuri wake.

Kuna gharama nyingine inayonihuzunisha zaidi ya hizo. Ukipata kazi kwa barua hiyo, itabidi umfiche mama kazini. Wenzako watakapozungumza kuuguza wazazi, na watazungumza, wewe utanyamaza, kwa sababu ulishasema miaka ile ulikuwa dukani. Kazi uliyoifanya kwa miaka minne, na ambayo nafikiri ni kubwa kuliko zote ulizowahi kufanya, itakuwa ndiyo siri yako. Pengine waweza kuishi hivyo. Lipime tu kabla hujaipokea bahasha.

Njia ya pili ni kusema ukweli, na kuusema kwa ufupi. Watu wengi hudhani swali la pengo linahitaji maelezo marefu ya kujitetea. Sentensi mbili zinatosha: baada ya kupunguzwa kazi mwishoni mwa 2019 nilimuuguza mama aliyepata kiharusi, hadi alipofariki 2024, jukumu hilo limekwisha, na sasa niko tayari kwa kazi ya kutwa nzima. Kisha usingoje waendelee hapo. Nenda mwenyewe kwenye kazi: tangu nianze kutafuta nimekuwa nikifuatilia yaliyobadilika forodha, na yaliyobadilika ni haya na haya.

Utakutana na ushauri unaosema umgeuze mama kuwa sifa, useme kumuuguza kulikufunza kupanga muda na kusimamia rasilimali. Mimi siupendi. Kama wewe unaona ni kweli na unaweza kuyasema bila kuhisi unamuuza, ni haki yako. Lakini hulazimiki. Kumuuguza mzazi hakuhitaji kuombewa radhi wala kupambwa.

Njia hii nayo ina hatari zake, sitazificha. Yuko mwajiri atakayefikiri umeota kutu. Yuko atakayejiuliza kama kesho hutaondoka kwa sababu ya mgonjwa mwingine. Unaweza kusema kweli, ukaisema vizuri, na usichukuliwe.

Machozi nayo tuyapangie. Zile sentensi mbili zitamke kwa sauti kabla ya siku yenyewe, tena mbele ya mtu. Tafuta jirani au shangazi aliyemjua mama, mwambie akuulize swali lile lile: ulikuwa wapi? Mara ya kwanza huenda usimalize. Lia hapo, kwenye jamvi, na mtu anayejua unamlilia nani. Rudia kesho yake. Na yakija mbele ya wasaili hata baada ya hayo, omba dakika moja, kunywa maji, malizia sentensi, uendelee. Hutakuwa umeharibu kitu. Kinachowababaisha wasaili ni kutojua kama mtu ataweza kuendelea. Wakiona umeendelea, wanatulia.

Halafu kuna kitu umekitaja kwa haraka sana kwenye barua yako, kana kwamba hakina thamani: zile picha za hati kwenye WhatsApp. Umekiita msaada wa ndugu. Ni kweli, lakini pia ni kazi ya nyaraka iliyofanywa na mtu anayeijua, tena kando ya kitanda cha mgonjwa. Fungua simu yako uangalie. Ni mara ngapi? Kuna kosa lolote ulilolinasa, uzito usiolingana na orodha ya mzigo, jina la mpokeaji lililoandikwa vibaya, namba ya HS, ile ya aina ya bidhaa, isiyofaa? Ikiwa yapo, kaka anaweza kuandika barua nyingine kabisa, inayosema yaliyotokea: kwamba kati ya mwaka fulani na fulani ulimsaidia kukagua nyaraka za uagizaji ukiwa nyumbani, bila kuajiriwa, na kwamba ninyi ni ndugu. Tatizo la njia hii ni kwamba inakaribisha kunyoosha mambo. Mara tatu zitatamani kuwa kumi. Na msaili anaweza kusema barua ya ndugu haina uzito. Ukiichagua, iwe na kisa kimoja cha kweli unachoweza kukieleza mwanzo hadi mwisho, na hicho kitakubeba kuliko mhuri.

Njia yoyote utakayoishika, liko swali jingine linalonyemelea nyuma ya lile la pengo, na hilo unaweza kulishinda: unajua nini kimebadilika tangu uondoke? Ulipotoka yadini, forodha ilikuwa ikihama kutoka mfumo wa kompyuta wa Simba kwenda ule wa iCMS. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ada ya IDF, ile fomu ya tamko la uagizaji, kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudi Mombasa, jambo linalogusa moja kwa moja namna wewe ulivyopoteza kazi. Ukiweza kulieleza hilo kwa utulivu, utakuwa umeunganisha historia yako na ya bandari. Awamu ya pili ya kituo kipya cha makontena pale Kipevu ilikamilika mwaka huo huo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia ikafuata 2024. Mteja wa mzigo wa Kongo ana maswali yake. Mtafute mwenzako wa zamani aliye bado kwenye kazi, umwombe akuonyeshe iCMS ilivyo na mambo yanavyopita siku hizi kutoka IDF hadi mzigo kutoka getini. Mtu aliyewahi kufanya kazi nawe hatakunyima alasiri moja.

Kwa Kiingereza, usianze kukariri majibu. Chukua seti nzima ya nyaraka za mzigo mmoja, uzisome kwa sauti, kisha ueleze kila moja ni ya nini kana kwamba unamfunza mgeni. Maneno ya kazi yatarudi kwa sababu hayakuondoka. Fanya pia kwa Kiswahili. Wasaili wa Mombasa huanza kwa Kiingereza, na wakifika kwenye mteja anayefoka kwa simu kwa sababu dimareji, ile ada ya kontena kuchelewa, inapanda na kontena halijatoka, wanaweza kugeukia Kiswahili ghafla ili waone utamjibuje. Hapo ndipo yadi ilipokufunza, na hakuna darasa linaloweza kukupa kile ulichokipata pale getini.

Kuhusu vyeti, mwambie rafiki yako apumue. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022, mwajiri hatakiwi kumdai mwombaji vyeti vya aina hiyo mpaka awe anakusudia kumpa mkataba. Chukua vyeti vyako vya masomo, kitambulisho, barua ya kazi ya yadi. Pesa uliyo nayo iweke kwa nauli na nguo iliyopigwa pasi.

Ukiulizwa tena kuhusu kuolewa, kumbuka kwamba kipengele cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya ndoa na ujauzito, na Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ujauzito. Sikwambii uwasomee sheria. Waweza kusema tu kwamba hakuna kitakachokuzuia kufanya kazi hii, ukanyamaza. Na siku hiyo vuka feri mapema kuliko unavyoona ni lazima. Foleni ya asubuhi ya Likoni unaijua kuliko mimi.

Nimemwacha kaka mwisho kwa sababu nafikiri yeye ndiye anayekuumiza zaidi ya kazi. Unasema una deni kwake. Yeye alitoa pesa. Wewe ulitoa miaka. Umewahi kufikiri kwamba naye anajiona ana deni kwako? Anamwita Mama Mdogo. Naye amefiwa. Wako wanaume ambao hawajui kulia na ndugu yao, wanajua kumtafutia kitu cha kufanya, na mhuri wa duka ndio kitu alichonacho karibu. Ukimwendea na neno "sitaki" pekee, atasikia umemrudishia mkono. Ukimwendea na haja, mambo yanaweza kuwa tofauti. Mwombe nyaraka za kontena lake la karibuni ujifunzie. Mwombe akae mbele yako akuulize maswali kama bosi mkali. Mwombe, ikiwa yote yale ya WhatsApp ni ya kweli, ayaandike yalivyo. Zungumza naye mapema, si usiku wa kuamkia mahojiano, ili naye apate nafasi ya kununa kidogo na kurudi.

Anaweza kukasirika bado. Anaweza kukwambia unajifanya mtakatifu na kodi haijalipwa, na kwa kodi atakuwa hajakosea. Wewe ndiye utakayekaa kwenye kile kiti, na wewe ndiye unayejua ni jibu lipi unaweza kulitamka ukiwa umeinua uso. Ukiamua kuichukua barua yake, usiogope kuniandikia tena kwa sababu hiyo. Niandikie vyovyote itakavyokwenda, hata kama ni kunisimulia tu mama alikuwa mtu wa namna gani.